Maharage, Damu na Kinga: Vidokezo 14 vya Kuielewa Lektini

Ujumbe ule haufi. Kila baada ya miezi michache unaibuka upya kwenye kundi la WhatsApp la familia, safari hii umetumwa na shangazi, safari ijayo na jirani: maharage yana lektini, lektini inagandisha damu, acheni maharage. Wewe unausoma huku sufuria inatokota jikoni na watoto wanaulizia wali. Ufanye nini, umwage?

Usimwage. Ujumbe huo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli husumbua kuliko uongo mzima, maana ukiichunguza unaikuta ina miguu ya kusimamia. Maharage yasiyopikwa yakisagwa, na maji yake yakadondoshewa kwenye damu ndani ya kichupa, seli nyekundu hushikana madonge madonge. Hilo limejulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Ila tumbo lako si kichupa, na maharage yako yako motoni. Kati ya kichupa na sufuria kuna mambo mengi ya kujua, na mengine yanaweza kukushangaza: mbegu hizihizi zimewafundisha madaktari mengi kuhusu damu na kinga. Haya, tuanze.

1. Anza na sukari

Lektini ni protini yenye kazi moja kubwa: kuishika sukari. Haikusudiwi sukari ya chai peke yake. Kila seli ya mwili wako imevaa koti la minyororo mifupi ya sukari za aina mbalimbali, kama vile manosi, galaktosi na fukosi. Koti hilo ndilo sura ya seli kwa nje, na lektini huisoma kama kipofu asomaye kwa vidole. Kila lektini ina sukari yake: inayoshika manosi huenda isiiguse kabisa galaktosi.

Ushahidi wa mapema ulitoka kwa James Sumner wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Mwaka 1919 alipata fuwele za protini kutoka kwenye mbegu za mmea wa jamii ya maharage uitwao Canavalia ensiformis, akaiita konkanavalini A. Mwaka 1936, yeye na mwenzake Howell walionyesha kwamba protini hiyo huzishikanisha seli nyekundu, lakini ukitia sukari ya miwa kwenye mchanganyiko, kushikana kunazuiwa. Sababu ni rahisi: mikono ya lektini imeshajaa sukari, haina tena nafasi ya kushika seli.

2. Tofautisha kushikana na kuganda

Hapa ndipo ujumbe wa shangazi unapoteleza. Damu kuganda ni kazi ya chembe sahani na nyuzi za fibrini, ile inayoziba kidonda ukijikata kwa kisu. Kushikana kwa seli ni jambo jingine. Seli nyekundu zina chaji hasi kwa nje, kwa sababu ya sukari yenye asidi iliyo kwenye koti lake, hivyo husukumana na kuelea kila moja kivyake. Lektini nyingi zina mikono miwili, minne au zaidi. Mkono mmoja unashika seli hii, mwingine unashika ile, na daraja likishajengwa mara maelfu, unaona madonge kama ya uji uliokorogwa vibaya. Hakuna uzi wa fibrini hapo. Seli zimeshikishwa mikono tu.

3. Mkumbuke mwanafunzi wa Dorpat

Sayansi hii ilianza na tasnifu ya mwanafunzi. Mwaka 1888, Hermann Stillmark alikuwa akisoma udaktari Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu, nchini Estonia. Alichunguza sumu ya mbegu za mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, akaipa protini yake jina la risini. Alipoichanganya na damu, seli nyekundu zilishikana.

Ni rahisi kudhani kwamba kushikana huko ndiko kunakoua. Sivyo. Risini ina vipande viwili vilivyoungana. Kimoja ni lektini: kinashika galaktosi kwenye ukuta wa seli, na seli inakimeza bila kujua inameza nini. Cha pili, kikishaingia ndani, huharibu ribosomu, yaani viwanda vya seli vya kutengeneza protini, na molekuli moja inaweza kuzima zaidi ya ribosomu 1,500 kwa dakika. Kwa hiyo lektini hapo ni mpiga hodi. Muuaji amesimama nyuma yake. Tena, kazi kubwa ya kushikanisha seli nyekundu hufanywa na protini nyingine, ndugu yake risini, inayokaa ndani ya mbegu ileile.

4. Usitie mbarika na maharage kapu moja

Mbarika una sumu ya kweli. Hali kadhalika mturituri, ule mmea utambaao wenye mbegu ndogo nyekundu, kila moja na jicho jeusi, ambazo watu huzitunga kuwa shanga. Sumu yake inaitwa abrini na inafanya kazi kama risini. Mbegu nzima yenye ganda gumu inaweza kupita tumboni bila kufunguka. Iliyotafunwa, iliyosagwa au iliyotobolewa kwa ajili ya kutungwa ndiyo yenye hatari zaidi.

Basi wakataze watoto kuchezea mbegu hizo. Mtoto akimeza, mpeleke hospitali hapohapo hata kama anaonekana mzima, na ubebe mbegu mkononi ili daktari aione. Mafuta ya mbarika yanayouzwa dukani ni suala tofauti: risini ni protini, haiyeyuki kwenye mafuta. Inabaki kwenye mashudu, na joto la kiwandani huiharibu.

Maharage hayana kile kipande cha pili kinachoua. Yana lektini tu, tena inayokufa kwa moto.

5. Jifunze kwa panya wa Ehrlich

Mwaka 1891, Paul Ehrlich wa Ujerumani aliwapa panya risini kidogo sana, akaongeza taratibu, mpaka wakaweza kustahimili dozi ambayo ingewaua panya wengine. Kisha akawajaribu kwa abrini. Wale waliozoea risini hawakuwa na kinga yoyote dhidi ya abrini, na kinyume chake ni vivyo hivyo. Sumu mbili zinazofanana mno, lakini mwili ulitengeneza silaha mahususi kwa kila moja. Kwamba kinga huchagua adui wake, na haipigi ovyo, ni somo la msingi la elimu ya kinga na chanjo mpaka leo. Mwaka 1908 Ehrlich alipata Tuzo ya Nobel. Mbegu za porini zilikuwa miongoni mwa walimu wake.

6. Tazama maharage yanavyosoma kundi la damu

Karl Landsteiner aligundua makundi ya damu mwaka 1901. Tofauti ya kundi A na B ni ndogo ya kuchekesha: ni sukari moja tu mwishoni mwa mnyororo. Mtu wa A ana N-asetili-galaktosamini, wa B ana galaktosi, wa AB anazo zote mbili, wa O hana hata moja kati ya hizo.

Mwishoni mwa mwaka 1945, William Boyd wa Boston alijiuliza kama mimea inaweza kuiona tofauti hiyo. Akaagiza maharage makavu ya aina ya lima kutoka duka la jirani, akayasaga, akayajaribu kwenye damu. Yalizishikanisha seli za kundi A kwa nguvu na kuziacha za B na O karibu kama zilivyo. Bahati ilioje! Angeagiza maharage ya aina nyingine dukani humo, huenda asingeona kitu. Huko Helsinki, Karl Renkonen naye alifikia ugunduzi wa namna hiyo na kuuchapisha mwaka 1948 bila kumtegemea Boyd. Mwaka 1954, Boyd na Elizabeth Shapleigh wakazipa protini hizi jina la lektini, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kuchagua. Jina limekaa mahali pake.

7. Iheshimu maabara ya benki ya damu

Ugunduzi wa Boyd haukuishia kwenye makaratasi. Mbegu za Dolichos biflorus, ndugu wa mbali wa maharage, zina lektini ambayo ikizimuliwa vizuri huzishikanisha seli za kundi dogo la A1 na kuziacha za A2. Mtaalamu wa maabara huitumia kumtambua mgonjwa wa kundi A ambaye majibu yake ya vipimo hayaelewani.

Mmea mwingine, Ulex europaeus wa Ulaya wenye miiba na maua ya njano, una lektini inayoshika fukosi iliyo kwenye mnyororo uitwao H. Watu wa kundi O wana H kwa wingi, hivyo seli zao hushikana sana. Lakini wako watu wachache wasio na H hata kidogo. Waliripotiwa mara ya kwanza Mumbai mwaka 1952, wakati mji ukiitwa bado Bombay, na hali yao inajulikana kwa jina hilo la zamani. Kwenye kipimo cha kawaida wanaonekana kama O, lakini ukiwaongezea damu ya O miili yao huikataa kwa ukali. Lektini ya Ulex huwatambua: ikidondoshewa kwenye damu yao, seli hazishikani. Tone la maji ya mbegu linaweza kuokoa mtu.

8. Usichague chakula kwa kundi la damu

Mwaka 1996, Peter D'Adamo wa Marekani alitoa kitabu kilichouzwa sana, kikidai kwamba kila kundi la damu lina chakula chake, na kwamba lektini za chakula kisichokufaa hushikanisha seli zako. Ukishasoma vidokezo viwili vilivyopita, unaona dai hilo limezaliwa wapi. Unaona pia linapochechemea: lektini zinazobagua A, B na O ni chache, na nyingi za vyakula vya kila siku hazijali kundi lako.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walilipima dai hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Kwa watu 1,455, baadhi ya milo hiyo ilihusiana na afya bora, lakini manufaa yalikuwa yaleyale kwa mtu wa A, wa B au wa O. Mwenye kula mboga nyingi alinufaika kwa sababu ya mboga. Kwa hiyo, mume wa O na mke wa A, endeleeni kula sahani moja.

9. Itazame karanga kabla ya kuogopa

Sasa utauliza: je, lektini inaweza kutoka tumboni ikafika kwenye damu? Kiasi kidogo, ndiyo. Mwaka 1998, watafiti wa Liverpool waliripoti kwamba watu wenye afya waliokula gramu 200 za karanga ambazo hazijakaangwa walikutwa na lektini ya karanga ikiwa nzima kwenye damu zao saa chache baadaye. Lektini hiyo ni sugu kwa mmeng'enyo.

Ikifika huko, inashika nini? Lektini ya karanga hutafuta sukari iliyopangwa kwa namna fulani iitwayo T. Kwenye seli nyekundu za mtu mzima wa afya, T imefichwa chini ya ile sukari yenye asidi tuliyoitaja. Lektini ni ufunguo, lakini kitasa kimefunikwa. Hufunuka pale ambapo bakteria fulani, mgonjwa akiwa na maambukizi makali, wanakata sukari ya juu. Ndiyo maana maabara hutumia lektini ya karanga kutambua damu iliyopatwa na mkasa huo. Karanga za barazani zinaweza kuendelea.

10. Mshukuru Nowell na maharage mekundu

Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950, wataalamu wengi waliamini kwamba limfosaiti, seli nyeupe ndogo za kinga, zimefika mwisho wa safari: hazigawanyiki tena, zinasubiri kufa. Peter Nowell wa Philadelphia alikuwa akizikuza kwenye vichupa. Ili kuziondoa kwanza seli nyekundu, alitia kitu kilichozoeleka maabara: fitohemaglutinini, lektini ya maharage mekundu, ambayo kwa ufupi huitwa PHA. Seli nyekundu zilishikana zikazama, kama ilivyotarajiwa. Kilichomshangaza ni seli nyeupe: zilivimba, zikaanza kugawanyika.

Alipoiacha PHA, hazikugawanyika. Alipoirudisha, ziligawanyika. Akachapisha habari hiyo mwaka 1960. Maharage yalikuwa yameziamsha seli zilizodhaniwa zimezeeka.

Tulikuja kujua kwamba PHA ni mkusanyiko wa vipande vinne vinavyochanganywa kutoka aina mbili. Aina ya E hupenda seli nyekundu, aina ya L hupenda seli nyeupe. L hushika sukari zilizo kwenye vipokezi vya seli T, vilevile ambavyo seli hutumia kumtambua adui. Seli inadhani imevamiwa. Kalisiamu inapanda ndani yake, kengele inalia, na baada ya siku mbili tatu inagawanyika.

Kengele hiyo ya bandia ilifungua milango mingi. Ukitaka kuhesabu kromosomu za mtu, unachukua damu kidogo ya mkononi, unatia PHA, unasubiri saa kama 72. Mwaka 1976, kwenye maji yaliyokuzia seli zilizoamshwa na PHA, maabara ya Robert Gallo ilipata kichochezi cha ukuaji wa seli T ambacho leo kinaitwa interlukini-2. Na mwaka 1983, Françoise Barré-Sinoussi na wenzake wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walipokuwa wakiwinda virusi ambavyo leo tunaviita VVU, PHA ilikuwa miongoni mwa vitu walivyotia kwenye vichupa vyao ili seli ziwe macho.

11. Ukipimwa kifua kikuu kwa damu, ulizia kichupa cha maharage

Kipo kipimo cha damu cha maambukizi ya kifua kikuu ambacho hupima kama seli T zako zinamkumbuka mdudu wa TB. Katika kipimo cha QuantiFERON, damu hugawanywa kwenye vichupa vinne. Kimoja hakina kichocheo. Viwili vina vipande vya protini vya kuzikumbusha seli mdudu wa TB. Cha nne kina PHA.

Kwa nini maharage yaingizwe kwenye kipimo cha TB? Ni uthibitisho. Seli zako zikikaa kimya kwenye vichupa vya TB, kuna maana mbili: ama hazimjui mdudu huyo, ama ni dhaifu mno kumjibu mtu yeyote. PHA huziamsha seli T zote bila kubagua. Zikiitika kwa PHA na kunyamaza kwa TB, ukimya huo una maana. Zikinyamaza kote, kama inavyoweza kutokea kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka sana kwa VVU, mtaalamu hasemi huna TB. Anasema kipimo hakikutoa jibu. Hapo maharage yamefanya kazi ya monita anayeita majina darasani.

12. Jua soya ilivyosaidia upandikizaji wa uboho

Baadhi ya watoto huzaliwa bila kinga kabisa, na tiba yao ni kupandikizwa uboho. Asipopatikana ndugu anayelingana, mzazi analingana nusu tu, na hapo seli T za mzazi humgeukia mtoto na kumshambulia kama mgeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Yair Reisner na wenzake, wakiwemo Nathan Sharon wa Taasisi ya Weizmann ya Israeli na Richard O'Reilly wa New York, walitumia lektini ya soya kuuchambua uboho. Seli T zilizokomaa hushikwa na lektini hiyo na kujikusanya madonge. Seli mama, zile zinazozaa damu yote, haziguswi. Ukitenga madonge, unabaki na mbegu bila magugu. Seli T zilizosalia ziliondolewa kwa seli nyekundu za kondoo. Mzazi anayelingana nusu akaweza kumpa mwanawe kinga.

13. Kumbuka hata wewe una lektini zako

Kama lektini ingekuwa sumu kwa jina tu, sote tungekuwa tumekufa, maana mwili wenyewe huzitengeneza. Ukichomwa na mwiba, kuta za mishipa karibu na kidonda hutoa lektini zinazoitwa selektini. Hizi hudaka sukari za seli nyeupe zinazopita kasi na kuzipunguza mwendo, zikawa zinabingirika ukutani mpaka zipate pa kutokea. Lektini nyingine huelea ndani ya damu ikitafuta manosi iliyojipanga kama ilivyo kwenye bakteria na ukungu; ikiiona, huita msaada. Lektini ya maharage inapoigusa seli ya kinga, inapiga kwenye lango lililokuwepo tayari.

Lango hilo linaweza hata kuchongewa ufunguo mpya. Ndizi ina lektini inayoshika manosi. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliripoti kwamba huizuia VVU isiingie kwenye seli ndani ya vichupa, kwa kuishika sukari ya ngozi ya kirusi. Tatizo lilikuwa kwamba pia huamsha seli T ovyo, kama PHA. Mwaka 2015 timu hiyo ilieleza jinsi ilivyobadilisha asidi amino moja tu, ya nafasi ya 84: nguvu dhidi ya virusi ikabaki, uamshaji ukapungua mno. Hiyo ni lektini iliyorekebishwa maabara, si ndizi ya sokoni. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU asiache dawa kwa ajili ya mkungu.

14. Chemsha, usipashe

Tumerudi jikoni, na hapa ndipo tahadhari ya kweli ilipo. Ninaposema maharage mabichi nakusudia yasiyopikwa, yawe makavu ya gunia au yale ya kumenya yaliyotoka shamba. Punje nne au tano tu za maharage mekundu yasiyopikwa zinaweza kumwangusha mtu: kati ya saa moja na tatu baadaye kichefuchefu, kutapika sana, kisha kuharisha. Wengi hupona baada ya saa chache. Tazama ugonjwa unavyokaa: lektini imeshika sukari za ukuta wa utumbo. Ni utumbo unaolalamika, wala si damu iliyoganda.

Nguvu ya lektini kwenye chakula hupimwa kwa seli nyekundu zilezile: unaizimua mpaka uone zimeacha kushikana. Kwa kipimo hicho, maharage mekundu yasiyopikwa huwa na uniti 20,000 hadi 70,000. Yaliyoiva vizuri hubaki na 200 hadi 400. Moto umefanya kazi yake.

Fanya hivi:

- Loweka kwa saa 5 au zaidi. Usiku kucha ni bora. Maji hayo yamwage, usiyapikie.
- Weka maji mapya, yachemke kwelikweli, yatokote kwa dakika 30 angalau, kisha endelea mpaka yaive.
- Usiyaivishe kwa moto mdogo tangu mwanzo, wala kwenye majiko ya umeme yanayopika polepole kutwa nzima bila kuyachemsha kwanza. Maharage yaliyopashwa mpaka nyuzi joto 80 tu yanaweza kuwa na nguvu hadi mara tano ya yasiyopikwa.
- Unayetumia kikapu cha joto kuokoa mkaa, ni akili nzuri, lakini dakika 30 za kutokota zitangulie kabla ya kufunika kikapu.
- Unayeishi juu, ongeza muda. Nairobi maji huchemka karibu na nyuzi 94, na Njombe chini kidogo ya hapo, wakati Dar es Salaam na Mombasa ni 100. Sufuria ya presha inamaliza ubishi huo.
- Usionje punje ngumu kuona kama imeiva. Ibonyeze kwa vidole.
- Usisage maharage makavu kuwa unga wa kunywa kwa ajili ya kupungua. Japani, mwaka 2006, kipindi cha televisheni kilifundisha kukaanga maharage meupe dakika tatu, kuyasaga na kunyunyiza juu ya wali. Mamia ya watazamaji waliugua.

Maharage ya kopo yameshapikwa kwa joto kali, hayo pasha tu.

Ukishaepua, chukua simu umjibu shangazi, kwa adabu: "Shikamoo shangazi. Ni kweli maharage hushikanisha damu, yakiwa hayajapikwa na damu ikiwa kwenye kichupa. Ya kwetu yamelala kwenye maji usiku kucha na yametokota nusu saa, kisha yakaendelea mpaka yakaiva. Karibu chakula."